Stoo Namba Saba na Wageni Wanane

Jumatatu, 5 Mei

Karatasi mlangoni. Mwandiko wa Solfrid, mwenyekiti wetu wa chama cha wakazi, mwalimu mkuu mstaafu. Herufi zimesimama wima kama watoto kwenye paredi. Msaragambo ni Jumamosi, saa tano asubuhi, kila nyumba itoe mtu. Kufagia ua, kupaka mabenchi rangi, kuzibua mfereji, ili Sikukuu ya Taifa ya tarehe kumi na saba itukute wasafi. Hadi hapo sawa. Ni hivyo hivyo kila mwaka, mara moja theluji ikiisha na mara moja kabla haijaanza.

Kisha chini, kwa wino mwekundu: Nyumba namba 14 haijaonekana mara tano mfululizo. Ikikosa ya sita, stoo yake namba saba atapewa anayefuata kwenye orodha.

Nyumba namba 14 ni mimi! Oddvar Skjelbred! Kutajwa kwa namba kama mfungwa, mbele ya mtu wa barua.

Mara tano. Nimehesabu. Ni kweli, na hilo ndilo linaloudhi. Mara ya kwanza mgongo. Ya pili mazishi ya binamu yangu Torleif. Ya tatu mgongo. Ya nne mgongo, upande wa pili. Ya tano nilisahau kabisa, nikiwa nimejifungia chumbani, mapazia chini, redio nimeizima wasinisikie.

Anayefuata kwenye orodha ni Kjartan wa ghorofa ya chini. Ana jozi kumi na moja za skii. Ana miguu miwili. Vyote nimevihesabu.

Watu hawaelewi. Ile si stoo. Ile ni kampuni! Makoti arobaini ya mvua ya njano, chupa kumi na nne za chai, viti vya kukunja, bendera, filimbi, na ramani yangu ya vyoo vya bure, kazi ya miaka tisa, nakala moja tu duniani. Bila stoo hakuna "Oslo kwa Mkono Mtupu", ziara ya siku tatu kwa wageni wanaopenda jiji letu lakini hawapendi bei zake. Ninakoishi ni chumba kimoja na nusu. Makoti yakiingia, mimi natoka.

Tena stoo ile ndiyo iliyonizaa. Mwaka 1989 nilishuka kwenye treni kutoka Hallingdal na begi moja. Jengo hili likanipa kazi ya kuzoa theluji na ufunguo wa chini. Nikalala humo usiku sitini na mmoja, kwa siri, hakuna aliyejua. Hakuna aliyenisaidia. Nilikula mkate wenye jibini ya kahawia ambao fundi wa umeme alikuwa anausahau kila siku juu ya sanduku la mita. Mtu msahaulifu sana yule. Leo nina nyumba ghorofa ya nne na kampuni. Nimejijenga mwenyewe, tofali kwa tofali.

Tatizo: Jumamosi nina wageni wanane. Ziara ya Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi. Wameshalipa, kroner mia tatu tisini kila mmoja. Taslimu, kama ninavyopenda. Siwezi kuwa uani na reki na papo hapo niwe mjini na bendera.

Kufikiria.

Jumanne, 6 Mei

Nimepanda kwa Solfrid. Yaani nimeshuka, yeye yuko ghorofa ya pili. Nilivaa tai. Nilimpelekea biskuti, zile zilizobaki kwenye ziara ya Pasaka, bado nzima.

Nikamweleza kama mfanyabiashara kwa mtu mwenye akili. Kwamba saa yangu moja ya Jumamosi ina thamani fulani. Kwamba saa ya kijana wa kufagia ina thamani ndogo kuliko hiyo. Kwamba nikimlipa kijana afagie badala yangu, ua unakuwa safi, kijana anakula, mimi nafanya kazi, na hesabu inafunga. Kila mtu anapata!

Aliniangalia kana kwamba nimeuliza bei ya meno yake.

Akasema, "Oddvar, mwanangu, msaragambo hauna bei. Siku ukitiwa bei umekufa." Akasema angemkaribisha mtu yeyote anayekuja kwa moyo wake, hata wa mtaa wa pili, lakini mtu wa kulipwa asimwone uani kwake.

Nikamuuliza basi kama ndugu anaweza kuniwakilisha. Nina binamu, nikasema. Mikono mizuri. Anaitwa Torleif.

Akauliza kama ni yule Torleif aliyezikwa Mei mwaka juzi, maana chama kilituma shada la maua, na yeye mwenyewe ndiye aliyelichagua.

Nikaaga. Biskuti alinirudishia. Akasema zinanuka sabuni.

Jumatano, 7 Mei

Leo mgongo unauma kweli. Hakuna wa kumwambia.

Alhamisi, 8 Mei

Siku ya kwanza ya ziara. Wageni wote wanane wamefika stesheni kwa wakati. Dada watatu wa kutoka Bremen wanaocheka kila kitu, hata ratiba. Baba na binti yake kutoka Zaragoza. Bwana mmoja wa Graz ambaye hasemi. Na Joost na mkewe Marijke, Waholanzi wa Zwolle.

Joost ana daftari dogo. Na mimi nina daftari dogo. Tukatazamana madaftari.

Nikawagawia makoti ya njano. Jua lilikuwa linawaka, lakini koti ni tangazo. Tukapanda juu ya paa la jumba la opera, lile jeupe linaloteremka hadi majini, unatembea juu yake kama mlimani. Wote wakashangaa. Joost akauliza kiingilio cha paa ni kiasi gani. Nikasema kimo kwenye bei. Akauliza mara ya pili, taratibu. Nikasema, kwa kweli, hakuna. Akaandika.

Kutoka hapo hadi bustani ya masanamu, kwa miguu, kilomita tano. Tramu ya nini? Njiani niliwaeleza usanifu wa majengo. Baba wa Zaragoza alivua kiatu akanionyesha lengelenge. Nikamweleza usanifu.

Bustanini, masanamu uchi mia mbili na zaidi. Dada wa Bremen walicheka hadi wakakaa chini. Joost akauliza kiingilio. Akaandika.

Chakula cha mchana: vipande vinne vya mkate kwa kila mtu, jibini ya kahawia, na katikati ya vipande ile karatasi laini ya kutenganisha, kama walivyotufungia mama zetu. Baada ya kula nikapita kukusanya karatasi. Zinafutika, zinatumika tena hata mara sita. Thelathini na sita nilitoa pamoja na zangu, thelathini na mbili zikarudi. Nne Joost alikuwa amezikunja akazitia mfukoni. Alinitazama. Nilimtazama. Nikajua nimepata mtu wa saizi yangu.

Mchana, choo: maktaba mpya, ghorofa ya tatu, safi kama zahanati. Namba moja kwenye ramani yangu. Wote walishukuru isipokuwa mmoja, na mmoja huyo aliandika.

Ijumaa, 9 Mei

Siku ya fedheha. Niandike upesi nisije nikailainisha.

Mpango wangu wa siku ya pili, kisiwani, ni wa werevu mtupu. Tiketi ya kivuko ni ya saa moja. Watu wa kawaida wananunua mbili, ya kwenda na ya kurudi. Wajinga! Kivuko kinachukua dakika nane. Kutoka gatini hadi magofu ya watawa ni dakika saba, ukikimbia. Ukitazama watawa dakika kumi na moja, ukakimbia tena, unapanda kivuko cha kurudi tiketi ikiwa bado hai, na akiba ya dakika nne kabla hakijang'oa nanga. Nimefanya hivyo mara ishirini na tatu. Haijawahi kushindwa.

Nikapuliza filimbi. Tukakimbia. Makoti ya njano tisa msituni, chuf chuf chuf. Watu waliokuwa wanaota jua walisimama wakidhani kuna moto.

Magofu: nikawaeleza miaka mia nane kwa dakika kumi na moja. Sikuacha karne hata moja.

Kurudi: bata bukini. Njia nzima! Mama, baba na vitoto tisa, wamekaa katikati kama wanaokusanya ushuru. Nikapuliza filimbi. Kosa. Baba bata alinijia na shingo chini, na mimi si mtu wa ugomvi. Marijke alipanda juu ya jiwe. Yule bwana wa Graz akasema neno lake la kwanza tangu afike. Sitaliandika.

Kivuko tukakiona kinaondoka. Kinachofuata: nusu saa. Tiketi zote zimekufa. Tisa mpya, kroner mia tatu tisini na sita, kutoka mfukoni mwangu, maana Joost alitoa tangazo langu na kusoma kwa sauti: "Nauli zote zimo." Herufi nilizichapa mwenyewe, tena za kukoza.

Kwenye kivuko akasimama mbele ya wenzake na daftari. Akasoma orodha. Paa, bure. Masanamu, bure. Maktaba, bure. Mto na maporomoko yake, bure. Maji ya bombani, bure. Akasema, "Bwana Oddvar, hesabu yangu inaonyesha umetuuzia mkate na mbio. Mkate sina neno nao."

Dada wa Bremen hawakucheka. Hapo ndipo niliogopa.

Sharti lake: kesho niwaonyeshe kitu ambacho hawawezi kukiona bila mimi. Kimoja tu. La sivyo fedha zote za siku tatu zirudi. Wote wakaafiki. Hata wa Graz alitikisa kichwa kukubali.

Narudi nyumbani na hayo yote kichwani, nani namkuta chini? Kjartan. Mbele ya stoo namba saba. Na futi ya kupimia! Akasema, mtamu kama asali, "Usijali jirani, napima tu. Unajua rafu ya mita mbili itaingia?" Akanipigapiga bega, lile la mgongo mbaya. Akasema kesho yeye ndiye wa jiko la soseji, kama nitakuwepo, akacheka, kama mgongo utaniruhusu.

Nilipanda ngazi na uchungu. Ghorofa ya pili nilipita mlango wa Solfrid, nikakumbuka maneno yake. Mtu yeyote anayekuja kwa moyo wake, hata wa mtaa wa pili.

Nikasimama hapo hapo na mguu mmoja hewani.

Mgeni gani, katika jiji zima, amewahi kuona msaragambo? Hakuna! Haumo kwenye kitabu chochote. Hakuna dirisha la tiketi. Unaingia kwa kujulikana. Bila mimi hawauoni hata kwa darubini!

Nyumba namba 14 haitatoa mtu mmoja. Itatoa tisa!

Nimejipikia yai. Mawili.

Jumamosi, 10 Mei

Naandika polepole.

Asubuhi niliwakusanya wageni kwenye kona ya mtaa wetu wa Torshov. Nikashusha sauti. Nikawaambia wataingia kwenye sherehe ya ndani kabisa ya watu wetu, ambayo mgeni huwa haioni. Kila neno la kweli! Joost akasema kitu cha siri kama hicho lazima kiandikwe. Hakuingia hatua moja hadi nimkatie risiti. Nikaandika: "Kroner 130, siku ya tatu. Sherehe ya siri ya uani. Kushiriki na chakula vimo." Nikaigonga muhuri wa kampuni. Mara mbili, ipendeze.

Saa tano kamili tukaingia uani, makoti ya njano yote. Majirani walisimama na reki mkononi. Kjartan alikuwa kwenye jiko lake la soseji, koleo hewani. Nikamwambia Solfrid kwamba hawa ni marafiki zangu, wamesikia habari za msaragambo wetu, wakasema hawaondoki Oslo bila kushika reki.

Macho ya Solfrid yalijaa machozi. Nimemjua miaka thelathini na sita, sijawahi kuona hali hiyo. Alimshika kila mmoja mkono. Akatoa orodha yake na penseli, akaweka alama ya vema mbele ya namba 14. Nikaisikia ile penseli. Muziki.

Kjartan akageuza soseji ambayo haikuhitaji kugeuzwa.

Na kazi ikaenda! Dada wa Bremen walifagia changarawe yote ya majira ya baridi, ile ya kuzuia watu kuteleza, wakicheka. Baba na binti wa Zaragoza walipaka benchi rangi ya kijani, wakaimba. Marijke alipanda maua na mama wa nyumba namba 3, hawana lugha moja, lakini waliongea muda wote. Bwana wa Graz aliingia mferejini hadi mabegani, akatoka na mpira wa watoto uliopotea mwaka 2016, akalia. Joost alipaka rangi kibanda kizima cha baiskeli, pande zote, hata chini ambako hakuna anayeona. Fundi!

Mimi nilisimama katikati na bendera nikieleza. Reki ni nini. Kwa nini changarawe. Kwa muda wa saa tatu na nusu nilieleza bila kunywa maji.

Saa nane na nusu, chakula. Soseji ndani ya chapati laini ya viazi, kahawa, keki ya Solfrid. Tukakaa wote. Solfrid akasimama akasema machache. Akasema alidhani desturi hii inakufa, watu siku hizi wanataka kulipa fundi na kulala. Akasema leo watu wanane wametoka mbali, bila kuitwa, bila ujira, wakatukumbusha sisi wenyewe ni nani. Na aliyewaleta, akasema, ni mtu ambaye yeye binafsi alikuwa ameshamkatia tamaa. Akanigeukia. Majirani wakapiga makofi. Mimi! Kidogo nami nilijisikia vizuri, kwa kweli, kifuani, mahali ambapo si pa kawaida.

Ndipo Joost alipokwenda kuchukua soseji ya tatu.

Kjartan akamwambia ni mbili kwa mtu, ndiyo utaratibu. Joost akasema yeye anayo haki. Kjartan akauliza haki ya wapi, mzee, hapa wote sawa. Na Joost, mtu mwema, mtu wa kanuni, akasema, "Lakini mimi nimelipa."

Kjartan akaweka koleo chini taratibu sana. Akauliza, kwa ile sauti yake ya asali, amelipa nini, amemlipa nani. Joost akatoa risiti. Alikuwa ameikunja ndani ya moja ya karatasi zangu za mkate isipate mafuta. Kjartan akaisoma. Akampa mama wa namba 3. Akasoma. Ikazunguka meza nzima, mkono kwa mkono, taratibu kama sahani ya rambirambi, hadi ikafika kwa Solfrid.

Alivaa miwani. Alisoma hadi muhuri. Mihuri yote miwili.

Nikaanza kueleza. Kwamba kimsingi walilipia maelezo, si msaragambo. Akaniambia, "Oddvar. Nionyeshe mikono."

Nikaionyesha. Miaka hamsini na saba, nimesimama mbele ya watu nimenyoosha mikono kama mtoto wa darasa la pili. Kila mtu uani alikuwa na rangi ya kijani. Kila mtu alikuwa na udongo kwenye kucha, hadi yule bibi wa miaka tisini na moja wa namba 9. Yangu ilikuwa safi kama ya daktari wa meno.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Akasema fedha zirudi kwa wenyewe, pale pale. Zikatoka kwenye pochi yangu ya kiunoni, kroner mia na thelathini mara nane, moja moja kama meno. Elfu moja na arobaini. Kisha akachukua penseli akakata ile alama ya vema. Hiyo pia niliisikia.

Lakini lililonichoma si hilo. Wageni walipokwisha kushika fedha zao, nilidhani wataondoka. Wakatazamana. Marijke akasema lango bado halijapakwa rangi. Wakaenda wakalipaka! Saa nzima tena, bure, wanaimba, na Kjartan akamletea Joost soseji ya tatu, na ya nne.

Wakati wa kuaga, Joost alinishika mkono kwa nguvu. Akasema hii ndiyo siku bora ya safari yao yote. Fedha za siku mbili za kwanza nibaki nazo. Kisha akafungua daftari, na mimi nikaona alichoandika kwenye mstari wa mwisho: Msaragambo, bure.

Jumapili, 11 Mei

Kuhamisha. Makoti arobaini, ghorofa nne, safari kumi na mbili. Kjartan alisaidia kushikilia mlango. Skii zake zilishapangwa ukutani kwa urefu.

Nilipovuta rafu ya mwisho nikaona ile alama ya penseli kwenye tofali. Mistari yangu ya 1989, mitano mitano. Nikahesabu. Sitini na moja. Bado ipo.

Nikasikia hatua. Solfrid, na kikapu cha nguo, anakwenda kufua. Nikaziba ukuta kwa mgongo. Akaniambia nisijisumbue, ile mistari anaijua, aliwahi kuihesabu mwenyewe.

Nikasema haiwezekani, hakuna aliyejua.

Akaweka kikapu chini. Akasema jengo zima lilijua. Kikao kilikaa. Wengine walitaka nifukuzwe, maana kulala chini ni marufuku. Yeye akasema kijana anazoa theluji hadi ya nyumba ya jirani bila kuambiwa, aachwe hadi baridi ipungue. Wakaweka zamu. "Nyumba kumi na sita, kila siku moja," akasema. "Au ulidhani ule mkate ulikuwa unajileta?"

Nikasema nilidhani ni wa fundi wa umeme.

Akasema, "Siku sitini na moja, Oddvar?"

Jibini ile, kwa kweli, ilikuwa haifanani siku zote. Kuna siku ilikatwa nene.

Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia. Msaragambo wa vuli unahitaji msimamizi. Yule wa kutoka kitandani alfajiri, wa kugawa kazi, wa kupika kahawa, wa kushika reki wa kwanza na kuiacha wa mwisho. Nikiufanya vizuri, kwa mikono hii, Kjartan atapisha na stoo itarudi kwangu. Kjartan alikohoa nyuma ya mlango. Solfrid akasema wazi, asikie kila mtu: kroner moja tu ikionekana, stoo nimeiaga milele.

Nikaitikia.

Nimekaa kitandani katikati ya makoti ya njano tangu saa tisa. Nyumba kumi na sita. Nilisema nilijijenga mwenyewe. Nimelisema kwenye tangazo, kwenye redio ya mtaa mara moja, kwenye harusi tatu. Nitabadilika. Naandika tarehe ili iwe ushahidi: leo, Oddvar Skjelbred amebadilika.

Alhamisi, 15 Mei

Nimefikiri vizuri siku nne. Kubadilika ni jambo zuri, lakini mtu asikimbilie.

Tuangalie hesabu bila machozi. Wageni wanane walifurahi kiasi cha kufanya kazi ya ziada bila kulipwa. Bidhaa haina kasoro! Kilichoniponza ni nini? Si msaragambo. Si soseji. Ni risiti. Karatasi moja, mihuri miwili. Bila risiti, Joost ni mzee wa Zwolle anayedai soseji tu.

Kwa hiyo nimejifunza. Kuanzia leo, hakuna risiti. Kamwe! Nimeliandika kwenye karatasi nikaibandika juu ya jiko.

Vuli mimi ndiye msimamizi. Mimi ndiye mwenye orodha na penseli. Wageni ishirini na wanne, vikundi vitatu, wataingia kama marafiki, bila makoti ya njano. Hapo katikati, hadi vuli ifike, kuna kitu kingine kizuri zaidi: stoo yenyewe! "Alipolala Mtu Aliyejijenga Mwenyewe." Ukuta wa asili, mistari sitini na moja, dakika kumi na moja kwa kikundi. Mkate wenye jibini ya kahawia juu ya sanduku la mita, vile vile ulivyokuwa, kroner ishirini za ziada. Kipande kinene, thelathini.

Ufunguo tu ndio anao Kjartan. Leo nimemshukia na chupa ya kahawa nikamweleza, mtu mzima kwa mtu mzima. Nilitegemea ubishi. Hapana! Alisikiliza hadi mwisho, akauliza maswali ya maana, vuli ni wageni wangapi, watalipa kiasi gani, siku gani hasa. Akataka asilimia ishirini. Mwizi! Tukakubaliana kumi na tano. Akasema yeye ni mtu wa utaratibu, kwa hiyo tuandikiane tu kitu kidogo, majina yetu, mpango wote, na muhuri wa kampuni chini.

Hiyo si risiti. Ni mkataba. Nikamwandikia. Nikagonga mihuri miwili, ipendeze.

Nimemkosea sana Kjartan miaka yote hii. Aliisoma mara mbili midomo ikicheza, akaikunja vizuri, akaitia mfuko wa shati upande wa moyo, akanipa mkono. Kisha akaanza kupanda ngazi haraka haraka, anapiga mluzi.

Sijui anakwenda kwa nani. Yeye anakaa chini.